Komoni Haisubiri Upepo

Watu wakisikia kwamba nimefanya kazi ya kuzima moto wa misitu miaka kumi na moja, hutaka niwasimulie moto. Wanataka miali iliyopanda juu ya mipaini, wanataka kujua nani aliungua na nani aliokolewa. Huwa nawakatisha tamaa. Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa kufyeka nyasi. Tangu mvua zinapokatika mpaka zinaporudi, kikosi cha watu kumi na wawili kilikuwa kinafyeka na kukwangua barabara za moto, yaani ile mikanda mitupu ya udongo inayozunguka kila bloku ya miti ili moto ukija ukose cha kula. Ukimaliza ya mwisho, ya kwanza imeshaota nyasi tena. Na siku uliyofanya kazi yako vizuri hakuna kinachotokea, kwa hiyo hakuna anayejua kwamba umefanya kazi.

Sina kinyongo na kufyeka. Kinyongo changu kina mahali pake, na nitafika hapo.

Nilikulia kijiji kimoja cha Mufindi kilichopakana na shamba la miti, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Mafinga. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, baba akaondoka kwenda kupasua mbao na hakurudi, nikalelewa na shangazi, dada yake baba. Alikuwa mjane, na watoto wake mwenyewe hawakuishi. Aliniita "baba", kama mashangazi wengi huku wanavyowaita watoto wa kaka zao, nami nikiwa mdogo niliona hicho ni cheo kikubwa. Shamba lake la maana lilikuwa moja tu, mteremko wa ulezi uliogusa mpaka wa kampuni. Kampuni yenyewe sitaitaja. Nilikula ulezi wa mteremko ule, na nilisoma mpaka kidato cha nne kwa ulezi wa mteremko ule.

Kampuni ilipoamua kuwa na kikosi chake cha moto, ilituletea mkufunzi kwa wiki mbili. Alitukimbiza vilimani na mabomba ya maji mgongoni mpaka wengine wakatapika. Alitufundisha kutumia vipigio, vile vipande vya mpira vilivyofungwa kwenye mpini mrefu: unaubonyeza moto na kuukokota, hupigi kama mtu anayeua nyoka, maana ukipiga unatawanya cheche. Alitufundisha kutosimama juu ya moto unaopanda mlima, na kujua utakimbilia wapi kabla hujaanza kazi, wala si baada ya kuanza. Alikuwa mwalimu mzuri, sitamsingizia. Kosa lililofanyika siku ya mwisho halikuwa lake peke yake.

Siku hiyo tulitunga kanuni za vibali. Moto mwingi unaoingia kwenye miti hutoka mashambani, maana watu huchoma mashamba kabla ya mvua, na ulezi hasa unapenda majivu. Kanuni ikawa hivi. Mkulima anakuja ofisini, anaandikiwa siku. Siku hiyo kikosi kinafika saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado chini na upepo haujaamka, kinakwangua mkanda kuzunguka shamba, kinasimama na maji, ndipo mkulima anawasha. Ikifika saa tatu kazi imekwisha. Upepo ukiwa mbaya, au kikosi kikiwa na kazi nyingine, siku inasogezwa mbele na mkulima anasubiri. Mkufunzi alituuliza kama kuna mtu anaona tatizo.

Mimi nililiona. Huku kwetu hakuna anayeandaa shamba peke yake, seuze mjane. Unaita mgowe. Majirani wanakuja na majembe na mafyekeo, wanakusaidia kuchoma na kulima siku nzima, nawe unawapa komoni. Na komoni si soda ya kwenda kununua dukani. Unaloweka ulezi, unaungoja uote, unauanika, unausaga, unapika, unaacha, unapika tena, na unachoma kuni ambazo umezibeba mwenyewe kichwani. Inachukua wiki na zaidi. Ikiiva imeiva. Ukiiacha siku mbili imechacha, na mtu aliyewaita majirani akawanywesha pombe iliyochacha, mwakani atalima na mikono yake miwili. Kwa hiyo siku ya mgowe haipangwi na mwenye shamba wala na ofisi, inapangwa na pombe. Kumwambia mtu asogeze siku ni kumwambia amwage pombe yake na majirani zake pamoja.

Ningeweza kuyasema yote hayo kwa dakika tano. Katika chumba kile kila mtu aliyezaliwa vijijini aliyajua. Lakini mchana ule mkufunzi alikuwa anampendekezea bosi wetu wa kampuni jina la kiongozi wa kikosi, nami sikutaka niwe yule aliyesimama mbele ya watu wenye kompyuta akaanza habari za pombe za kienyeji. Nilinyamaza. Nikapewa uongozi, na fulana iliyoandikwa KIONGOZI mgongoni.

Kwenye mkutano wa kijiji niliongea mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa pale. Niliwaeleza kibali, upepo, umande. Mzee mmoja akauliza, je, nyie mkichelewa itakuwaje? Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye fulana mpya kwamba hatutachelewa, mkituita tutakuja. Wakapiga makofi. Shangazi alikuwa amekaa mbele na akina mama wenzake, na nilimwona akimgusa jirani yake bega, akinionyesha kwa kidevu.

Misimu miwili ilikwenda vizuri, na ndiyo iliyotuponza. Watu walizoea kutuamini.

Msimu wa tatu shangazi alikuja ofisini kwa miguu kuomba kibali. Nilimwandikia mwenyewe, Alhamisi ya wiki ya pili. Alisimama pale mezani akihesabu kwa vidole kurudi nyuma, kutoka Alhamisi yangu mpaka siku ya kuloweka ulezi wake. Aliipanga pombe yake kwa kufuata karatasi yangu. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza kijijini kufanya hivyo, na alifanya kwa sababu karatasi ilikuwa na mwandiko wangu.

Jumatano alasiri bosi akaniita. Kesho wanakuja wageni kutoka makao makuu kuangalia kikosi kinavyofanya mazoezi. Alitaka lori, alitaka watu wote kumi na wawili, na ovaroli mpya, uwanjani saa mbili kamili. Nikamwambia kesho tuna kibali cha kuchoma, na watu wameshaitwa.

"Sogeza," akasema. "Mkulima atasubiri. Si ndivyo mlivyoandika wenyewe?"

Ningeweza kumwomba watu wawili na bomba moja. Mgeni gani angehesabu ovaroli? Wazo hilo nimekuwa nalo mara nyingi tangu siku ile, kwenye basi, kanisani, nikinyoa ndevu. Jumatano ile halikunijia, au lilinijia nikaona aibu kulisema. Nilisema ndiyo bosi.

Nikampigia shangazi. Sauti yake ilikuwa na furaha, na nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka na sufuria zikigongana.

"Baba, imeiva," alisema. "Nimetoka kuionja sasa hivi."

Nilimweleza kuhusu wageni. Nikamwambia asiwashe, tutatoka haraka, saa nne tutakuwa kwake. Kisha akasema saa nne jua litakuwa limeshapanda, lakini sawa, kwa kuwa ni mimi niliyesema.

Wageni walifika saa tano, kama wageni wafikavyo. Tukawachomea rundo la matawi makavu lililoandaliwa tangu asubuhi, tukalizima. Wakaomba tuwashe tena kwa sababu mmoja hakuwahi kupiga picha. Tukawasha tena. Tukawaonyesha namna ya kukwangua mstari kwa majembe, na bosi akaeleza uhusiano mzuri tulio nao na vijiji vya jirani. Nilikuwa naangalia saa. Saa sita ilipita. Pilau ikaanza kupakuliwa.

Ilipofika saa saba upepo ukaamka. Ndiyo saa ambayo leo nawafundisha watu waiogope kuliko zote, nyasi zimekauka na hewa ya bondeni inapanda mteremko kwa kishindo. Nikauona moshi. Niliujua ni wa wapi kabla hata haujanyooka. Mgeni mmoja aliyevaa viatu vyeupe akauliza kama moshi ule nao ni sehemu ya mazoezi. Bosi akacheka, akasema hapana, hilo sasa ni jambo halisi, na vijana wataonyesha wanavyoliweza. Kisha akatuambia tusimame kwanza tupige picha ya pamoja.

Tulisimama. Picha ile ilitundikwa ofisini. Watu kumi na mmoja wanaangalia kamera na mmoja anaangalia pembeni.

Lori lilitumia nusu saa, na nusu saa kwa moto wa saa saba ni siku nzima. Barabara ya moto ya mpaka ule ilikuwa safi, tulikuwa tumeikwangua wenyewe, nitaapa mbele ya yeyote. Lakini kwa upepo ule cheche ziliruka juu yake, zikaangukia miti michanga. Tulipofika tuliwakuta wanakijiji wameshaingia humo na matawi mabichi. Walikuwa watu waliokunywa tangu asubuhi, wengine hawana hata viatu, na walikuwa wanaupiga moto ubavuni, wakiuminya taratibu, vilevile tulivyofundishwa kwa wiki mbili. Shangazi alikuwa katikati yao na kitenge alichokilowesha. Tuliukata moto kwenye kijito saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyekufa. Bloku moja ya mipaini iliteketea, na kiganja cha kushoto cha shangazi kilibabuka chote.

Baada ya siku mbili tuliitwa ofisi ya kijiji. Walikuwepo mwenyekiti, mtendaji, bosi wangu na watu wa kamati ya mazingira. Asubuhi yake bosi alikuwa ameniomba taarifa ya maandishi, na aliponiona nasita hakunikaripia hata kidogo. Alinipa ushauri, kama mtu mzima anavyompa mdogo wake.

"Andika kilichotokea tu. Kikosi hakikuwepo, moto ukawashwa. Kuna uongo hapo?"

Hapakuwa na uongo. Niliandika: moto wa mwombaji uliwashwa kabla ya kikosi kufika, kinyume cha masharti ya kibali. Kila neno lilikuwa la kweli. Nimewajua waongo wengi katika maisha yangu, wa mbao, wa siasa, wa mapenzi, na sijaona aliyewahi kuutengeneza uongo safi namna ile.

Mtendaji alimuuliza shangazi nani aliwasha. Kila mtu alijua ni mmoja wa vijana wa mgowe, aliyechoka kukaa juani akiwa ameshakunywa malipo ya kazi ambayo hajaifanya. Shangazi alijibu, "Shamba ni langu, moto ni wangu." Akaulizwa kwa nini hakusubiri. Akasema alisubiri. Aliambiwa saa nne, akawazuia watu mpaka saa saba, wakaanza kunyanyuka waondoke, na komoni ilikuwa imeshanyweka. Bosi akanyanyua kichwa. Akauliza, kwa upole, ni nani aliyemwambia saa nne, maana kwenye kibali hakuna saa nne.

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Simu iliyompigia ilikuwa mfukoni mwangu. Alikitazama kiganja chake kilichofungwa bandeji, akakigeuza juu chini.

"Nilipigiwa simu," alisema. "Sauti sikuitambua."

Huyu ni mtu aliyekuwa akijua kikohozi changu kupitia ukuta wa tofali. Wanakijiji wote mle ndani walijua amesema nini na kwa nini, ndiyo maana hakuna aliyenitazama. Mtendaji aliandika kwamba sauti haikutambuliwa. Nikamwacha aandike. Nilikuwa na mke mjamzito na kazi pekee niliyowahi kuipata, na hizo ni sababu nzuri sana, nimezirudia mpaka zimechakaa.

Kampuni haikumpeleka mahakamani, na jambo hilo bosi aliliita huruma. Iliomba tu barabara ya moto ya mpakani ipanuliwe ili balaa lisirudi. Ikipanuliwa, inakula mteremko wa ulezi wote. Kijiji kikakubali. Nani angebishana na watu wanaoleta madawati shuleni na kuwapa vijana vibarua? Mwenyekiti alisema mwenye nguvu mpishe, akagonga muhuri. Na kazi ya kulikwangua shamba lile ilipewa kikosi changu, maana ndiyo kazi yetu.

Ilituchukua siku nne. Siku ya tatu shangazi alikuja kuchukua mafiga yake, yale mawe matatu aliyokuwa akipikia shambani wakati wa palizi. Niliacha jembe nikambebea mawili. Tulitembea mpaka nyumbani kwake, nikayaweka chini, akaniambia asante baba, nikarudi kazini.

Msimu uliofuata hakuna aliyekuja kuomba kibali, hata mmoja. Watu walichoma mashamba pombe zao zilipoiva, bila kutuambia, na sisi tulishinda tukikimbizana na moshi kutoka kijiji hiki mpaka kile. Kwenye mikutano walitusikiliza kwa adabu, wakakubali kila tulichosema, wakaenda zao. Ofisi ikaandika kwamba wanakijiji ni wagumu kuelewa na wanahitaji mafunzo zaidi. Wakatafuta mtu wa kuyatoa mafunzo hayo, mwenye uzoefu, anayeijua jamii. Wakanipata mimi.

Kwa hiyo sasa sifyeki tena. Nina projekta, nina posho, na shangazi anaishi kwangu Mafinga, chumba cha nyuma. Bila shamba asingeweza kukaa kijijini akiomba unga kwa watu aliowahi kuwanywesha. Ameotesha mchicha kwenye ndoo mbovu uani. Kiganja kilipona, lakini hakifungi vizuri, kwa hiyo anashika pasi kwa mkono wa kulia tu. Hajawahi kunilaumu. Ninasema kweli, natamani siku moja anitukane, anitukane mbele ya mke na watoto, ili nami nipate cha kujibu.

Mwezi wa sita uliopita nilitumwa Mbeya kuwafundisha watu wa kujitolea kutoka vijiji vya milimani, juu ya mji. Asubuhi ya safari shangazi alinipigia pasi mashati matatu, akayakunja, akaniuliza naenda kufundisha nini. Nikamwambia mambo ya moto tu, shangazi. Akasema fundisha vizuri baba, watu wapone. Nikapanda basi.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, watu wamevaa makoti na vitenge viwili viwili kwa ajili ya baridi. Nilifika kwenye ile picha ambayo ofisi iliniandalia, bloku nyeusi ya mipaini iliyoungua, na juu yake maandishi: "Mjane asiyekuwa na subira". Mimi sikuyaandika maneno hayo, lakini nimeyasoma kwa sauti mbele ya watu mara nyingi kuliko nilivyosoma Biblia. Nikaeleza kama kawaida. Mama mmoja alipewa kibali. Akaambiwa asubiri kikosi. Badala ya kusubiri, akawapa watu pombe. Hapo huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu nimejifunza kwamba hapo watu hucheka. Walicheka. Nikaeleza upepo wa saa saba, cheche, hasara. Nikauliza kama kuna swali.

Mama mmoja wa makamo, Msafwa, aliyekuwa nyuma akisuka mkeka, hakuwa amecheka. Aliinua mkono, na nikajiandaa kujibu kuhusu upepo.

"Huyo mama," aliuliza, "sasa hivi yuko wapi?"

Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kujua tu, kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa wa jirani. Watu wote wakanitazama. Nilikuwa nimevaa shati la pili kati ya yale matatu.

Nikamjibu kwamba simjui.